Siku Tonton Katembo Alifikisha Sauti ku Bafwasende

Mukuye, batu ba Kisangani, ba Makiso na ba Mangobo, ba Kabondo na ba Tshopo, na nyie ba Lubunga, muvuke mto na pirogue ya kwanza mutaona! Mufunge muziki ya nganda za pombe, muache pondu, mboga yenu, ijichemukie yenyewe, mukamate viti. Leo mutasikia habari ya vita: namna Tonton Ignace Katembo, Mushindi wa Kutu, Baba wa Lampe, Simba wa Salon, alipigana na pori lote tangu hapa mpaka Bafwasende, akiwa amekaa ku kiti, na pantoufle ku miguu.

Kwanza mumujue. Mu magazini, mbele ya batu ba État, ba serikali, alikuwa Citoyen Katembo, muuzaji wa sabuni na chumvi, mutu wa Butembo mwenye kuheshimika. Kwa nyumba, fasi hakuna mwenye kukataza jina ya batizo, bibi yake Georgette alikuwa anamuita Ignace, na siku ya hasira, "Ignaaace", mpaka parcelle ya tatu banasikia.

Na vita ilianzia ku caisse moja, sanduku kubwa. Ilikuwa poste ya zamani ya kusema na kusikia, ya chuma, nzito sawa bibi-arusi mwenye kukataa kutoka kwao, tumbo lake lote lampe za kioo. Mugreki mumoja wa kahawa alimuachiaka wakati alirudia kwao. Ilikuwa maiti. Panya zilikula nyuzi zake, mende zilifunga ndoa ndani. Wengine wangelia. Katembo akavaa silaha! Alcool ya kusafisha haikuwa mu mji: akanunua lotoko, pombe kali ya kienyeji, chupa ikapangusa kutu, na kidogo ikapangusa koo yake, juu vita haiendewe na koo kavu. Fer à souder, chuma ya kuunganishia nyuzi, haikuwa: akatia musumari mukubwa mu makala ya Georgette, pembeni ya sufuria ya muchele. Na lampe moja, ile kubwa, malkia wa zote, ilikuwa imepasuka. Akazunguka mji muzima sawa mutu bibi yake amekimbia, mpaka mu nganda moja ya Mangobo, fasi orchestre ilikufa na amplificateur yao, ya kukuza sauti, ilibakia kitanda cha kuku. Akatoa lampe chini ya kuku, akaifunga mu leso, akaibeba ku kifua sawa mutoto wa batizo.

Mais adui mukubwa haikuwa kutu. Adui ilikuwa meza.

"Ignace," Georgette akasema, amesimama mu mulango, mikono ku kiuno, sawa mwamuzi wa mataifa. "Nisikilize vizuri. Ile caisse imekalia meza yangu tangu mvua ya mwaka ulipita. Wageni banakulia ku magoti sawa ba-prisonnier ba gereza. Dimanche hii, siku ya misa, saa kumi, dada yangu Adeline atakuwa ku Bafwasende, mbele ya phonie ya magazini ya kule, ile redio batu banaitana nayo. Akisikia sauti yako, bon, caisse ibakie, nitaitia hata kitambaa. Asiposikia, Lambert anaibeba."

Lambert, kaka ya Georgette, muuzaji wa mbisi, samaki ya mto, alikuwa anaangalia ile caisse tangu zamani: chuma kigumu, mulango muzuri, matundu ya kutoshea moshi. Fumoir ya Mungu kabisa, ya kukaushia samaki.

"Beau, usihuzunike," akamuambia shemeji yake Katembo, mukono ku bega. "Haikufa bure. Itakausha mbisi."

Dimanche ikafika. Lambert alikuya na kitunga ya mbisi mbichi na fungu ya kuni, akakaa karibu ya mulango sawa mutu anangoja urithi. Majirani bakajaa ku madirisha. Katembo akatoka misa, abacost, ile suti bila tai, imepigwa pasi mpaka inakata, akasimama mbele ya caisse sawa kwa kupandisha bendera.

"Ee lampe," akasema, "nyie mwenye kunyonya maziwa ya barrage ya umeme ya Tshopo! Nimebapangusa, nimebalisha, nimegombana na bibi yangu juu yenu. Leo musinipatishe haya mbele ya beau."

Akazungusha bouton. Lampe zikawaka, moja, ingine, zote, nyekundu sawa makala. Hata Lambert alikohoa.

Sasa, kila mutu anajua namna ya kusema na fasi ya mbali: Bafwasende iko mbali, donc unapandisha sauti mpaka ifike, kisha unasema "à vous", zamu yako. Ku phonie zote za mji batu balikuwa banafanya vile. Katembo akakamata micro na mikono mbili.

"ALLÔ BAFWASENDE! HAPA KISANGANI! À VOUS!"

Kuku za jirani zikaruka. Mu caisse kukatoka miluzi, na nyuma ya miluzi, sauti ya mwanamuke:

"Kisangani? Tunasikia radi tu. Kuko mutu? À vous."

Georgette akashika pindo ya kanga yake. Tangu barabara ilikatika hakusikiaka ile sauti.

"Ni Adeline," akasema. "Ignace, ni yeye. Muite!"

Simba akanguruma. Akanguruma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mpaka kifungo ya abacost ikaruka ikapiga picha ya harusi. Jibu ikabakia ile ile: radi.

"Beau," Lambert akasema, "radi tuko nayo hapa bure, sans caisse."

"Papa Katembo!" Mama Kadidja, jirani, akaita ku dirisha. "Zima tu hiyo kitu. Hivi banakusikia bila courant!"

"Kisangani," Adeline akasema, "radi inazidi. Bateja banangoja chumvi. Tunafunga. À vous ya mwisho."

Lambert akasimama, akainua kitunga. Katembo akafungua kinywa. Hakuna kitu. Sauti ilikuwa imehama. Na ile pumzi kidogo ilibakia, akanong'oneza mu micro:

"Adeline... ni mie. Mie Ignace. Usifunge. Banakamata caisse yangu."

Caisse ikapiga muluzi moja, kisha sauti ya Adeline:

"Eh! Semeki, bwana ya yaya yangu! Kumbe uko hapo! Juu ya nini ulikuwa unaacha radi iseme mbele yako? Nakusikia sawa uko ku meza! Nani anakamata caisse?"

Ile lampe ya nganda, mujue, ilizoea muimbaji wa pole: sauti kidogo inaibeba vizuri, kelele inaipasua kuwa radi.

"Lambert," Katembo akanong'oneza. "Anataka kuchomea mbisi ndani."

"Lambert? Mwambie anirudishie jibu: mbisi aliniahidi ya Pasaka iko wapi? À vous!"

Madirisha yote yakalipuka na kicheko. Lambert akatia kitunga chini, kidogo kidogo.

Georgette akanyakua micro. "ADELI—"

"Pole pole!" nyumba nzima ikamuambia.

Akainama, mudomo karibu ya micro, sawa anaongea na mutoto analala.

"Adeline... ulikula?"

"Nilikula, yaya. Na wewe?"

Vile pori lilishindwa. Mushindi mwenyewe hakuweza kujisifu: juma nzima, mu magazini, bateja bakimuuliza, alionyesha koo, kisha alionyesha upande wa Bafwasende, kisha alipima chumvi. Mbisi za Lambert zilipanda camion mpaka fasi barabara inakatika, kisha ku vichwa ya batu mpaka kwa Adeline. Kitambaa ikatiwa juu ya caisse, na maua, na matundu yake ikaachwa wazi.

Muandike basi, nyie mwenye kuandika mambo ya Zaïre: mu avenue yetu mutu alipiga pori kwa kunong'oneza. Na meza haikurudi mpaka leo. Wageni ba Georgette bangali banakulia ku magoti, mais banatafuna pole pole, juu Bafwasende inasikia.