Bakteria Wanaokaa kwa Kuku wa Hajati bila Barua

Kansanga, nyuma ya maduka ya barabara ya Ggaba

Kwa Mzee Mwenyekiti wa kijiji chetu,

Pokea salamu za heshima kutoka banda la kuku la Hajati Safinah. Mimi ni Ambroise, yule Mkongo anayefagia banda hilo na kulala katika stoo ya chakula cha kuku. Kuku wamehara na wengi wamekufa. Hajati anasema mkosi uliingia pamoja nami, na Jumapili atakuletea shauri nifukuzwe. Kabla hujakaa kusikiliza, naomba uwafukuze wakosaji halisi, yaani bakteria. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wamehamia bila kuripoti. Nilipofika kutoka Uvira uliniuliza barua ya mwenyekiti wa nilikotoka. Nilikueleza kwamba mwenyekiti wetu alikimbia vita kabla yangu, lakini bado uliitaka. Bakteria hawakuulizwa hata majina.

2. Wameng'ang'ania. Daktari Laker wa mifugo alipasua kuku mmoja akatueleza. Bakteria ana vinywele vidogo, na kwenye ncha ya kinywele kuna kitu kama mkono. Ukuta wa utumbo wa kuku nao una sukari. Mkono ukikuta sukari unayoijua, unashika. Asiyeshika husombwa na chakula akatokea nyuma. Mimi nilibeba matofali Mengo, nikalinda duka Kibuli, na kote nilitoka kwa njia hiyohiyo ya asiyeshika.

3. Wakishashika wanazaana, kisha wanammwagia mwenyeji sumu. Mimi niliomba mke wangu Séraphine aje kunitembelea tu, nikaambiwa stoo si hoteli.

4. Wana mtetezi. Mlangoni tuna beseni la dawa ya kukanyaga kabla ya kuingia. Wageni wa Hajati huliruka ili viatu vya Idi visiharibike. Nilipomweleza alinijibu, "Ambroise, mgeni wangu hawezi kuleta uchafu. Mgeni hapa ni wewe." Nikaendelea kufagia.

Kwa hiyo naomba askari wa kijiji waingie katika kila utumbo kukagua barua. Asiye na barua atoke, hata kama hajamdhuru mtu. Atakayebisha anyolewe vinywele, na wembe ulipiwe na kijiji.

Nisalimie mama watoto wako, katibu wako Ocen, na wazee wote wa barazani, pamoja na wale wanaoniita mkimbizi hata nikisimama.

Ni mimi mwenye adabu, ambaye mzigo wake umekwisha fungwa,

Ambroise

Nyongeza: Daktari Laker amerudi asubuhi hii nikitafuta bahasha. Ameleta bakteria wengine ndani ya chupa tuwanyweshe vifaranga wapya. Anasema hawa ni wema, na wakiwahi kushika ukuta, wabaya watakosa nafasi. Nimeuliza kama wana barua. Hawana. Wametoka nchi ya mbali, kwa ndege. Hajati amewapokea kwa mikono miwili. Basi, Mzee, usitume askari, maana hawa ndio watakaotolewa kwanza, na vifaranga watakufa. Shauri langu la Jumapili lipo palepale. Hajati amesema niwahudumie hao wageni vizuri mpaka Jumamosi.