Fundi Asiye na Dini na Simu ya Mama Mkwe

"Jamani, sikieni hii!" Breki alituinulia simu yake. Tunamwita Breki kwa sababu pikipiki yake haina. "Kuna watu wametengeneza programu ya kukusalia. Unaandika shida zako, unaenda zako kazini, yenyewe inabaki inaomba!"

"Na chaji ikiisha katikati ya dua?" nikauliza.

"Unachaji, inaendelea ilipoishia."

Kinyozi akasonya. Huyu ndiye mtetezi wa dini hapa kijiweni, na hajawahi kushindwa ubishi. "Kiama hicho! Mashine haina dhambi, itaombaje?"

"Ndiyo maana nasema dini imepitwa na wakati," akadakia Fundi Simu bila kuinua kichwa. Benchi letu limeegemea kibanda chake, kwa hiyo hakosi neno. "Zamani radi ikipiga, watu magoti chini. Leo unaweka waya juu ya paa, unalala."

Mimi nilimwonea huruma. Simu aliyoifumua mezani ilikuwa ya mama wa mchumba wake, na ndani yake mna picha zote za marehemu mumewe. Saa kumi mama anaifuata. Na mama huyo alishatangaza, mtaa mzima ukasikia: binti yake haolewi na mtu asiye na dini.

"Mkweo umeshamwambia kuwa imepitwa na wakati?" Kinyozi akamchokoza.

"Simu ikiwaka, atajua dini yangu ni kazi. Haya, kimya! Nawasha."

Akavua kofia. Akavua viatu. Akageuza kiti kikaelekea dirishani, kisha akafuta meza mara tatu kwa kitambaa kilichochakaa.

"Viatu vya nini?" Breki akauliza.

"Umeme wa mwili ushuke ardhini. Sayansi hiyo."

"Na kofia?"

"Vumbi."

"Na hilo tambara?"

"Aliniachia marehemu aliyenifundisha kazi. Nikifutia kingine, simu haiwaki."

"Nayo ni sayansi?" Kinyozi akacheka mpaka akakohoa.

"Huo ni... uzoefu! Na nyie vueni viatu, mnaniletea umeme wenu hapa. Asipige mtu chafya!"

Tukavua. Nani anataka kumvunjia mwenzake ndoa? Tukajibana kibandani, soksi za Breki zikitutoa machozi. Fundi akabonyeza kitufe. Kinatakiwa kushikiliwa sekunde thelathini, basi akafumba macho asipoteze hesabu, midomo ikawa inachezacheza: moja, mbili, tatu. Sisi tukainamisha vichwa kukitazama kioo.

Mama Mkwe akatokea hapohapo, nusu saa kabla ya wakati. Akasimama mlangoni, mkono kifuani, akitazama wanaume wanne pekupeku, vichwa chini, mmoja wao akinong'ona macho yamefumbwa.

Fundi akamaliza hesabu, akashusha pumzi.

"Amina!" akaitikia mama, machozi yakimlengalenga.

Simu ikawaka. Marehemu mumewe akatokea kwenye kioo, anatabasamu.

Fundi nusura adondoke kitini. "Shikamoo mama! Hapa kwa kweli tulikuwa tuna..."

Kinyozi akamkanyaga.

"Marahaba, mwanangu. Na watu wananiambia huna dini! Binadamu wana midomo, jamani!" Mama akaikumbatia simu yake. "Jumamosi ukija na wazee wako kuposa, nisisikie mwingine anafungua kikao. Utasali wewe mwenyewe. Tena usinifupishie. Na ya sauti, tuisikie wote."

"Nitasali, mama," Fundi akasema. Sijawahi kumsikia akiwa na sauti ndogo kiasi kile.

Mama alipokata kona tu, Fundi akamshika Kinyozi mkono. "Ndugu yangu, kwa dini hapa hakuna kama wewe. Nifundishe. Sala ya kufungua kikao inaanzaje?"

Kinyozi akajikuna kidevu. "Kwanza... mnasimama."

"Halafu?"

"Halafu kuna mtu anasali."

"Huyo mtu anasemaje?"

"Sasa nitajuaje? Mimi huwa nimefumba macho!"

Fundi akamgeukia Breki. Breki akakumbuka ana abiria. Kinyozi akakumbuka kuna mteja amemwacha kitini nusu kichwa tangu saa nane. Nami, kabla sijafikiwa, nikainama kutafuta viatu vyangu, nikavikuta, nikatoka navyo mkononi.

"Jamani, msiniache!" Fundi alitukimbilia pekupeku mpaka barabarani. "Breki! We Breki! Ile programu inaitwaje?"