Mwamba wa Masjala Aishinda Picha

Tegeni masikio, enyi wakubwa kwa wadogo, na mwenye chungu motoni akiepue, kwani nasimulia ushindi ambao majeshi yangeuonea kijicho: siku Mwamba wa Masjala, mlinzi wa mafaili, mkunja mikono ya shati, bingwa wa kuwasha mashine zilizokwisha kuwashwa, alipoipiga vita picha ikageuka maneno.

Kanuni za utumishi za ofisi ile zililiwa na mchwa zamani. Zilibaki picha zake kwenye kompyuta, kurasa zilizopitishwa kwenye skana, ambazo mtu aliweza kuzitazama lakini si kutafuta neno ndani yake wala kugusa herufi. Mpiga chapa, mdogo wa mke wa Mwamba, alikuwa na mama mgonjwa wa kitandani, na dada mtu alikwisha choka kuuguza peke yake. Mkurugenzi alimwambia likizo ya kuuguza haimo kwenye kanuni. Kama imo, aonyeshwe kabla ya adhuhuri.

"Shemeji, tusome tu kwa macho," akasema mpiga chapa. "Kurasa zenyewe si nyingi."

Mwamba akasimama, akavuta pumzi ya kuhutubia umati. "Macho ni silaha ya wanyonge. Mimi nitaileta programu isomayo maandishi ndani ya picha, nayo itayateka maneno yote, yatafutike, yaandikike upya, na vizazi vitanitaja."

Akili nyingi huondoa maarifa. Programu ikasoma, shujaa akatafuta "likizo", asipate hata moja. Watumishi wa ofisi ile, kizazi baada ya kizazi, kila walipokutana na neno hilo walilipigia mstari kwa wino mzito, wakarudia tena, hata mashine ikaona matuta meusi tu. Yasiyomhusu mtu ndiyo yaliyosomeka vizuri. Mwamba akatokwa jasho, akailaani skana na ukoo wake, akanywa chai ya mwenzake. Mpiga chapa akamshauri atafute "mzazi", neno ambalo hakuna aliyewahi kulihangaikia. Hapo ngome ikaanguka: mtumishi auguzaye mzazi, kisha alama za ovyo, kisha "ya mwezi mmoja". Mpiga chapa alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Ingetosha kumwonyesha mkurugenzi ile picha. Lakini shujaa hapigani ili aonyeshe picha. Alimwita mkurugenzi, akamkalisha mbele ya kompyuta.

"Mheshimiwa, yaliyokuwa mawe sasa ni udongo mbichi. Gusa popote, yanafinyangika."

Mkurugenzi akauliza kwa upole kama ni popote kabisa. Popote, akajibiwa. Na zile picha za zamani? Mwamba, asiyeacha kazi nusu, akasema amekwisha zifuta zote, zilikuwa zikijaza nafasi bure.

Basi mkurugenzi akanyoosha kidole kimoja, akaliandika upya neno likizo, safi kabisa, halafu akafuta "mwezi mmoja" na kuweka "siku moja". Akampa Mwamba mkono mbele ya ofisi nzima. Makofi yakalia, naye akatawazwa Mkuu wa Masjala, na wenye kuandika historia waiandike siku hiyo kwa wino wa dhahabu, siku picha iliposalimu amri.

Mpiga chapa akaamriwa achape kanuni mpya, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akazichapa, akaziweka mezani kwa shemeji yake, akachukua mkoba, akaenda kuitumia siku yake.