Hedifoni za Marehemu

Leo nimejiaibisha, tena mbele ya watu wa Nairobi. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwingine. Nina hasira, kwa hivyo someni kwa adabu.

Mnajua nimekuwa nikitafuta ile kazi ya kusikiliza mahojiano kwenye kompyuta na kuyaandika neno kwa neno. Leo mchana ndiyo yalikuwa majaribio. Nikipita, nafanyia kazi nyumbani. Nikianguka, narudi kupakia maua Naivasha na Kibet wangu, ambaye hata kutembea hajajua, anapelekwa Keringet kulelewa na nyanya yake. Mama mkwe ameshamwandalia kitanda. Hajaniuliza.

Shida ilikuwa hedifoni. Zangu ni kubwa kama bakuli za githeri, na ni za marehemu. Baba mdogo wa mume wangu alikuwa akipiga muziki kwenye harusi huko Keringet mpaka Mungu akamchukua. Mama mkwe alipozileta alinionya, "Usiziweke kwa masikio kabla hatujaziombea. Kitu ya marehemu haikosi mwenyewe." Nikasema sawa mama. (Sikungoja. Majaribio hayangoji maombi.)

Lakini zilikuwa zinatoa sauti ya mbu. Laptop yangu haina nguvu ya kuzisukuma. Maiki yake nayo ilikufa siku Kibet alipoimwagia uji, kwa hivyo nikiwa kwenye laini mimi husikia tu. Kujibu, naandika. Hiyo maiki muikumbuke.

Asubuhi nikashuka mjini na mtoto mgongoni kutafuta kadi ya sauti. Jamaa wa duka akazigeuza zile hedifoni, akasoma namba iliyoandikwa ndani.

"Hizi ni nzito, mathe. Ohm mia mbili hamsini. Ukizipatia kadi ndogo ni kama kufunga punda kwa lori."

Mathe! Mimi niwe mama yake! Huyo jamaa ana kipara.

Kulikuwa na kadi ndogo kama kifuniko cha soda, hiyo akaisukuma kando mwenyewe. Kulikuwa na nyingine yenye taa za rangi kama baa, nikaipenda, akasema ni ya vijana wa gemu, taa nyingi nguvu hakuna. Ya mwisho ilikuwa kisanduku cheusi, kibaya cha sura, chenye mashine yake ya kuongeza nguvu. Akakipiga kofi kama anauza ng'ombe. "Hii itakuletea sauti, mathe. Hata zile hujawahi kusikia."

Akaongeza maneno mengine kuhusu kitundu cha mbele na swichi ya pembeni. Sikuyashika. Kibet alikuwa analia na mimi nilikuwa bado nasaga ile "mathe".

Kufika nyumbani, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Menengai. Sisi tunaokaa chini ya kreta tunaujua. Unakuja polepole, unaziba dirisha kama shuka. Watu husema huko ndani kuna shamba linaloonekana na kupotea, na ukisikia unaitwa, usiitike. Stima nayo ikaenda. Nikabaki na mwanga wa laptop tu, Kibet amelala chumbani.

Madam wa majaribio akaingia kwenye laini kutoka Nairobi na wenzangu wengine. Akasema tusikate. Akasema sheria ni moja, andika kila unachosikia, hata kikohozi, usichague.

Nikachomeka kisanduku. Nikabonyeza na ile swichi ya pembeni. (Kama haitakiwi kubonyezwa, waliiweka ya nini?) Jamani, sauti! Kwenye mahojiano kulikuwa na mzee anaeleza ugonjwa wa ng'ombe wake, nikamsikia mpaka akimeza mate. Nikajua kazi ni yangu.

Halafu mzee akanyamaza kunywa chai. Na katika kile kimya, mtu alikuwa anapumua.

Karibu. Kama amesimama nyuma ya kiti changu.

Nikashika pumzi nisikie vizuri. Na yeye akashika.

Nikaachilia. Akaachilia.

Nikageuka. Kulikuwa na pazia tu. Nikanong'ona, "Wewe ni nani?" Ikapita kama nusu ya kufumba jicho, ndipo mwanamke fulani, sauti nyembamba, yenye mafua, akaninong'oneza sikioni: "Wewe ni nani?"

Vidole viliendelea kuandika. Andika kila unachosikia. Nikaandika: *Msemaji wa pili, mwanamke, hajulikani: Wewe ni nani?*

Nikampigia simu jamaa wa duka, sikio moja kwa simu, lingine kwa marehemu. "Nasikia sauti," nikamwambia.

"Si ndizo ulinunua, mathe?" Akakata.

Basi nikaamua kuongea na marehemu mwenyewe, hata kama ametuma mwanamke. Nikasema, baba mdogo, mimi si wa ukoo wenu, mimi nimeolewa tu. Ukitaka kusumbua mtu nenda Keringet kwa mama mkwe, ndiye alichukua redio yako hata kaburi halijakauka. Kila neno likarudi na ile sauti ya mafua, nikaliandika. Sasa hata marehemu ananidharau! Nikasimama, nikaleta chumvi ya jikoni, nikaimwaga juu ya laptop, nikamkemea huyo pepo mwenye sauti mbaya atoke aende zake. Akanikemea na yeye, nikaandika hayo pia. Kibet akaamka akilia. Na ndani ya hedifoni, Kibet wa pili akaanza kulia.

Hapo ndipo nilipiga magoti.

"Mama Kibet," madam akasema, polepole sana. "Hicho ulichochomeka kina maiki. Huyo unayemfukuza ni wewe. Tumekusikia sote." Kumbe kile kitundu cha mbele ndicho maiki, na ile swichi ya pembeni ndiyo inayokurudishia sauti yako masikioni.

Wenzangu walikuwa wanacheka mpaka mmoja akakohoa. (Nikaandika: *kikohozi*.) Sikujua nina sauti mbaya hivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia, hata mume.

Nikafuta chumvi, nikatuma kazi yangu, nikaanza kukunja nguo za Kibet za kwenda Keringet huku nikilia. Madam akapiga baadaye. Akasema wenzangu wote waliacha kuandika ili wacheke. Mimi peke yangu niliandika mwanzo hadi mwisho, mzee, ng'ombe na pepo, na pepo sikumkosea hata neno.

"Kesho uingie kazini," akasema. "Huyo pepo mwenzako umzimie swichi."

Nguo za Kibet nimerudisha kabatini. Ile habari ya redio isifike Keringet. Na nyinyi mnaocheka, chekeni mkiwa mbali. Hedifoni bado ziko masikioni, na sasa mimi nasikia sauti.