Kiasi Rasmi cha Sifa za Bondia Nyundo

Wananchi wapendwa, na wale wasiopendwa pia, nafurahi kuwatangazia kwamba Serikali imekipata kiasi. Kilikuwa kimepotea kwa muda mrefu. Watu walikuwa wakikipita kila siku bila kujua kilipo. Walikula kupita kiasi, wakalala kupita kiasi, na mbaya kuliko yote, wakadai hadharani kwamba bondia Nyundo anasifiwa kupita kiasi. Sasa kiasi kipo, kina mhuri, na nakala zake zimebandikwa panapohusika.

Anayewatangazia ni mimi, Katibu wa Kamati ya Taifa ya Kiasi cha Sifa, na pia Kaimu Mkurugenzi wa Michezo. Hilo neno kaimu limening'ang'ania miaka mingi. Wenzangu niliowafundisha kazi wamekuwa wakurugenzi kamili, wakastaafu, wakaagwa, na mimi ndiye niliyesoma hotuba za kuwaaga. Mke wangu akikasirika huniita kaimu mume. Akikasirika zaidi huuliza mume mwenyewe atafika lini.

Mambo yalianzia kwenye kibanda cha kinyozi, nyuma ya wizara yetu, ambako mashabiki wa ngumi hukutana kubishana kana kwamba nchi haina viongozi wa kuwabishania. Nilikuwa nimekalia kiti, shuka shingoni.

"Yule anasifiwa kupita kiasi," alisema fundi wa kuchomelea vyuma, miwani yake ya kazi ameipandisha juu ya paji la uso. "Anapigana na nani? Yule wa mwisho alipanda ulingoni anachechemea. Wa kabla yake alikuwa mjomba wa mtu."

"Kila mtu ni mjomba wa mtu," akajibu fundi cherehani.

"Huyu alikuwa mjomba mpaka sura."

"Mkanda anao, hana?"

"Hata suruali yangu ina mkanda."

Kinyozi akaizima mashine ili asikie vizuri. "Tumuulize bosi hapa, si ndiye mwenye ngumi zote za nchi?" Nikawajibu kwamba suala hilo lipo mezani na linafanyiwa kazi. Wakacheka, wakanisahau, wakaendelea. Nilirudi ofisini nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, kwa sababu dola haiwezi kumsubiri kinyozi amalize kubisha.

Mtu asiyejua uongozi atauliza wizara inahusikaje. Inahusika sana. Katika kila ofisi yetu imetundikwa picha ya Mheshimiwa Waziri akiuinua mkono wa Nyundo baada ya ushindi, na ukiitazama vizuri utaona kwamba Mheshimiwa ndiye anayetokwa na jasho. Kwa hiyo Waziri aliponiita alikuwa amenuna tayari.

"Kaimu, nasikia huko kwa kinyozi wananichokonoa."

"Wanamzungumzia Nyundo, mheshimiwa."

"Mkono wake nani aliuinua?"

"Wewe, mheshimiwa."

"Sasa mtu akisema Nyundo si kitu, mimi nimeinua nini? Umalize ubishi huo kabla ya pambano lijalo, na hilo neno kaimu tutalibandua. Ukishindwa, nitakutafutia mahali pa kukaimu ambapo hata simu haishiki."

Kamati ikaundwa haraka, chai ikaagizwa. Wajumbe wengi walitaka ubishi upigwe marufuku tu tuende nyumbani. Mwanasheria wa wizara, mtu anayepumua kwa vifungu, akatuzuia. Mshtakiwa amesema "kupita kiasi", alisema. Ili tuthibitishe kwamba amesema uongo, lazima kwanza tukilete kiasi chenyewe mahakamani. Kiko wapi?

Tukatuma watu stoo, hawakukiona. Tukawaandikia watu wa vipimo, wakajibu kwamba wanazo kilo, lita na mita, ila kiasi hawajawahi kupokea. Ndipo tulipogundua ukubwa wa pengo, na tukajiongezea siku za vikao.

Tukamwita Nyundo mwenyewe. Alikuja na adabu zake, vifundo vya vidole vimevimba, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kidogo kwake.

"Ngumi zako zilizofika ni ngapi?" nikamuuliza.

"Sijui, mzee. Waulizeni waliopigwa."

"Na wewe binafsi unaona unasifiwa kupita kiasi?"

"Mimi naona nipigane na mtu wa maana, mzee. Nimeomba wee. Kila nikiomba, wizara inaniletea mtu anayekohoa."

Jibu hilo halikuingizwa katika kumbukumbu, kwa kuwa halikuendana na hadhi ya swali.

Baada ya mjadala mzito tukaipata kanuni. Mtu yeyote asisifiwe kupita matendo yake: tendo moja, sifa moja, kofi moja. La kofi lilitoka kwa mjumbe wa utamaduni, aliyeona kwamba watu wanaweza kunyamaza kwa midomo halafu wakasifu kwa viganja. Kwa upande wa Nyundo, ngumi iliyofika ikahesabiwa kuwa tendo. Atakayezidisha kupitia kipaza sauti atanyang'anywa kipaza sauti hicho mwaka mzima. Mwanasheria ndiye aliyeandika "mtu yeyote". Tungeandika "bondia" peke yake, alisema, watu wangedhani tunamlenga bondia. Waziri alitia sahihi juu ya boneti ya gari, dereva akiwa ameshawasha injini. Hakusoma, na sijui kwa nini angesoma, maana kazi ya kusoma ni yetu.

Nikaibandika kanuni mwenyewe kwenye kioo cha kinyozi. Fundi wa kuchomelea akaisoma mpaka mwisho, akarudia pale penye "mtu yeyote", kisha akanishika mkono. "Nyie watu mna akili," alisema. Nilijibu kwamba kwa tendo moja sifa hiyo inatosha. Tangu siku hiyo hapakusikika tena ubishi juu ya Nyundo kwenye kibanda kile. Waliinamiana wakinong'ona na kucheka. Nikamwandikia Waziri kwamba umma umetulia, na nyumbani nikamwambia mke wangu aanze kuzoea kuniita vizuri.

Siku ya pambano ukumbi ulijaa tangu mchana. Waziri aliketi kiti cha mbele kabisa, suti imenyooka, kidevu juu, mimi na mwanasheria tumesimama chini ya ulingo. Mshereheshaji akapanda ulingoni, akavuta pumzi ambayo kwa kawaida humtosha kwa sifa ishirini za Mheshimiwa.

"Mabibi na mabwana! Namkaribisha jemedari wa michezo, baba wa vijana, nguzo ya..."

"Kiasi!" Fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama juu ya kiti. "Baba wa vijana kwa tendo gani?"

"Kiasi!" akaitikia kinyozi. Kisha ukumbi wote: "Kiasi! Kiasi!"

Mshereheshaji akakitazama kipaza sauti kinachomlisha yeye na wanawe. Akaja ukingoni mwa ulingo, akaniinamia. "Kaimu, nipe tendo. Lolote. Haraka."

Kama kuna jambo ninalolijua ni rekodi ya Mheshimiwa. Nikaanza na uwanja mpya. Mwanasheria akaninong'oneza kwamba uwanja umewekewa jiwe la msingi, na mpaka leo lipo jiwe tu. Nikataja glavu za vijana. Hizo ziliahidiwa, alisema. Nikataja mashindano ya mikoa. Yalizinduliwa, akasema, tena mara mbili, ila hayajachezwa. Jasho likaanza kunitoka. Niliuona ukurugenzi ukiondoka mbele ya macho yangu, na nyuma yangu watu walikuwa wanapiga miguu chini.

"Kanuni!" nikapiga kelele. "Alitia sahihi kanuni hii! Kwa mkono wake!"

Ukumbi ukalipima hilo. Fundi cherehani akainuka. "Jamani, haki ni haki," alisema. "Hilo kafanya kweli. Apewe chake."

Mshereheshaji akajifuta uso. "Mabibi na mabwana, huyu ni Waziri. Ametia sahihi."

Mheshimiwa akasimama, akatabasamu, akanyanyua mikono kupokea shangwe. Umati ukampa alichostahili, wote kwa pamoja, kofi moja.

Pa!

Lililia kama bati limeanguka. Waziri alijikunja, akaufunika uso kwa mikono yote miwili. Kutoka pembe ya ulingo Nyundo akamwita kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mwanafunzi. "Kidevu, mheshimiwa. Shusha kidevu."

Pambano lenyewe halikuchelewa. Nyundo aliletewa mtu mwenye kikohozi, akamlaza, akamsaidia kuinuka, akamtafutia maji. Kisha wakaanza kumpigia makofi yake, moja kwa kila ngumi iliyofika. Waziri alilazimika kukaa akayasikia yote, huku la kwake likiwa limekwisha zamani. Sijawahi kuona mtu akiteseka vile kwenye kiti chenye mto.

Jioni nikaandika taarifa kwa umma, kwa uaminifu na bila kuzidisha, kama sheria inavyotaka: "Mheshimiwa Waziri alihudhuria pambano na kupokea kofi moja kutoka kwa wananchi, ambalo alilistahili." Redio iliisoma neno kwa neno. Asubuhi gazeti likaiweka ukurasa wa mbele, kwa herufi ambazo hata bibi yangu angezisoma bila miwani.

Simu ya Waziri ilinikuta mlangoni mwa ofisi.

"Umeandika nimepigwa kofi!"

"Umepokea, mheshimiwa. Nimeandika umepokea."

"Nchi nzima inacheka! Mama yangu kanipigia simu analia, anauliza nimemkosea nani. Kanusha sasa hivi! Na ukurugenzi usahau!"

"Nitakanusha, mheshimiwa." Nilikuwa nimeshaishika kalamu. "Ila kofi lilikuwa moja tu. Tukikanusha hilo, tutakuwa tumetangaza kwamba hakuna ulichofanya."

Nilimsikia akipumua, akikohoa, akisogeza kiti. Nadhani alikuwa anajaribu kukumbuka kitu kingine.

"Basi liache," alisema hatimaye. Kisha akaishusha sauti, akaniita kwa cheo changu bila ile kaimu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Mkurugenzi, ndugu yangu. Haiwezekani wakaniongezea la pili?"