Vitambaa vya Meza vya Dola Kubwa

Jumatatu, 4 Novemba

Siku kubwa! Mkurugenzi ametangaza kwamba nafasi ya mwambata katika ubalozi wetu, kwenye mji mkuu wa Dola Kubwa, iko wazi. Jina litabandikwa ubaoni Ijumaa ya tarehe 15. Kasema atakayeteuliwa ni yule atakayeonyesha kwamba anaielewa Dola Kubwa kuliko wenzake wote hapa wizarani. Macho yake yakanipita, yakaenda kutua dirishani. Nimeyasoma vizuri. Alikuwa anaficha upendeleo.

Nani wa kushindana nami? Miaka kumi na moja nimekalia Dawati la Dola Kubwa. Kweli, sijawahi kufika huko. Lakini hata daktari hajawahi kuingia ndani ya ini la mtu. Mpinzani ni mmoja tu, yule wa meza ya pili. Tunamwita Ushahidi, maana kila ukisema jambo anauliza ushahidi uko wapi. Mtu mkavu. Anakula mkate mtupu, kisha anakunja karatasi ya mkate na kuitia mfukoni.

Nyumbani nikampa mke wangu habari. Hakuruka kwa furaha. Kasema wimbo huo ameshausikia mara nne, kwa hiyo safari hii anasema mapema: jina langu lisipokuwa ubaoni tarehe 15, anakwenda kwa dada yake. Dada amefungua duka la mapazia na anamtaka waendeshe pamoja. Kayasema hayo bila kuinua sauti, huku anachambua mchele. Nimemwelewa papo hapo. Huo ni msimamo wa kufungulia mazungumzo. Dola zote huanza hivyo.

Jumanne, 5 Novemba

Ripoti ya wiki imekwenda vibaya. Niliandika kurasa saba kuhusu tabasamu la balozi wa Dola Kubwa siku ya uzinduzi wa daraja. Upande wa kushoto wa mdomo ulipanda kabla ya ule wa kulia. Mambo mazito! Mkurugenzi kairudisha na maneno matatu pembeni: kwa hiyo tufanyeje?

Ushahidi kaandika nusu ukurasa. Eti amesoma hotuba tisini za waziri wao wa mambo ya nje. Nchi yetu imetajwa mara moja, tena kwa jina la nchi jirani. Eti hitimisho lake ni kwamba Dola Kubwa haituwazii mabaya wala mazuri, haituwazii kabisa. Mkurugenzi kanuna. Hakuna mkubwa anayependa kuambiwa hivyo saa tatu asubuhi.

Jioni nikapeleka shati kwa dobi. Naona nini kwenye kamba nyuma ya kibanda chake? Vitambaa vya meza vyeupe, kila kimoja na nembo ya Dola Kubwa pembeni! Dobi anawafulia watu wa ubalozi. Kwa kawaida huletewa sita kwa wiki, kaniambia. Wiki hii kumi na vinne. Vitambaa vingi, meza nyingi. Meza nyingi, wageni wengi. Nilitaka kumbusu. Miaka kumi na moja nasoma hotuba, kumbe Dola Kubwa inaanikwa juani nyuma ya soko.

Alhamisi, 7 Novemba

Ushindi! Jana niliandika kwamba ujumbe kutoka Dola Kubwa unakuja. Leo asubuhi redio imetangaza kwamba wakaguzi wanane wamewasili ubalozini. Mkurugenzi kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ushahidi kauliza wanakagua nini. Swali la mtu mdogo. La msingi ni kwamba wamekuja!

Kisha kauliza habari nimezipata wapi. Nikajibu: chanzo cha ndani kabisa. Mkurugenzi akaniangalia kama mtu anayemwona mtoto wake akitembea kwa mara ya kwanza.

Nikarudi kwa chanzo na shati lilelile. Dobi kaligeuza huku na huku, kanusa kola. "Mkubwa, shati hili limekuja kufuliwa au limekuja kusalimia?" Nikamwambia afue tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Kwa dobi hakuna pa kukanyaga. Vitambaa vya meza sitini na viwili! Mapazia ya vyumba vyote. Mashuka. Na bendera yao kubwa, ile ya juu ya paa, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Nimehesabu mara mbili.

Dobi alitaka kuniambia jambo kuhusu makasha na mpishi wa ubalozi. Nikamkata. Nikamwambia kila mtu na kazi yake: yeye anitajie idadi, uchambuzi aniachie mimi. Kasema haya, mkubwa, akarudi kwenye beseni.

Nyumba haifuliwi yote, pamoja na bendera, kwa ajili ya waziri. Anakuja Mkuu wa Dola Kubwa mwenyewe!

Na nyumbani pia mambo yamenyooka. Nimemkuta mke wangu ameshusha mapazia yetu, anayafua. Masanduku mawili ameyatoa juu ya kabati na kuyafuta vumbi. Amesalimu amri! Anajiandaa kwa safari yetu. Nikamwambia huko kuna baridi. Akaniambia kwa dada hakuna baridi. Nikacheka, ni mtu wa utani sana. Sanduku moja halifungi vizuri, nikalifunga kwa kamba. Fundo zuri sana. Alinitazama nikifunga, akasema asante, na sauti yake ikawa ndogo. Furaha, bila shaka.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimewasilisha. Ukurasa mmoja, herufi kubwa: MKUU WA DOLA KUBWA ATAWASILI ALHAMISI. Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu dobi kaambiwa kila kitu kiwe kimekauka Jumatano. Mkurugenzi kasoma akiwa amesimama, kakaa, kasimama tena, kakimbilia ghorofa ya juu bila kiatu kimoja.

Kufikia saa nane mafundi rangi walikuwa wanapaka mawe ya ukingo wa barabara, kutoka wizarani mpaka lango la ubalozi. Zulia jekundu limetandikwa kwenye ngazi, lakini limeishia ngazi ya saba. Lifti iliyokufa miaka mitatu imefufuliwa. Inapanda. Kushuka bado. Mhasibu yuko ghorofa ya tano tangu mchana, tunamsikia.

Ushahidi kainua mkono kikaoni. Eti kwa nini tusipige simu ubalozini tukauliza? Mkurugenzi kavua miwani, kamweleza polepole, kama anayesema na mgonjwa, kwamba katika mambo ya nje kuuliza ni kuonyesha kwamba hatujui. Nikaandika sentensi hiyo kwenye daftari. Hekima!

Jumatano, 13 Novemba

Mazoezi ya mapokezi. Tumesimama juani saa tatu nzima. Bendi ina tarumbeta nne na ngoma moja iliyopasuka. Mimi ndiye wa kukabidhi maua. Nafasi hiyo haipewi mtu ambaye jina lake halitabandikwa.

Ushahidi ana suti nzuri, kwa hiyo akapangiwa kuwa Mkuu wa Dola Kubwa. Kashuka garini. Tukapiga makofi. Akapunga mkono, akasogea kwenye kipaza sauti, akasema anafurahi kufika, halafu akataja jina la nchi jirani. Mkurugenzi alimfokea mpaka bendi ikaacha kupiga. Ushahidi kajibu kwamba amefuata kumbukumbu zilizopo.

Dobi alipita na mkokoteni uliojaa mafurushi ya ubalozi. Kaniita, "Mkubwa, neno moja tu!" Nikatazama juu, kwenye nguzo ya taa. Chanzo hakisalimiwi hadharani. Akasubiri kidogo, kisha akaendelea kusukuma.

Alhamisi, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Saa nne kamili lango la ubalozi likafunguka. Bendi ikaanza. Nikainua maua. Likatoka lori. Nikadhani ni la walinzi. Likatoka la pili, limejaa makasha, na juu ya makasha viti vimegeuzwa miguu juu. Kisha akatoka balozi, shati la mikono mifupi, ufunguo mkononi.

Akatuona. Wizara nzima. Zulia. Mawe meupe. Tarumbeta nne. Akasimama, macho yakamjaa maji. Kasema ametumikia ubalozi katika nchi tisa na hajaona watu wanaoaga kwa moyo namna hii. Akayachukua maua. Akanikumbatia!

Wanafunga. Wanafunga kabisa. Kuanzia wiki ijayo tutahudumiwa kutoka nchi jirani. Mkurugenzi kauliza tumeikosea nini Dola Kubwa. Balozi akasema hakuna kosa, hakuna hasira, wala hakuna anayejua hasa. Kuna karani mmoja kule, wa dawati la kwetu, aliyeandika ripoti. Mtu makini, kasema, yuko kwenye dawati hilo miaka mingi. Hajawahi kufika huku.

Mkurugenzi kageuka. Kataka chanzo changu, papo hapo, mbele ya bendi. Nikasema: dobi. Dobi akaletwa, mikono ina povu. Kasema ndiyo, wanahama, alijua tangu wiki iliyopita, mpishi wao alimwambia na kumgawia sufuria mbili. Kwa nini hakusema? "Nilitaka kusema, mzee. Mkubwa huyu akaniambia nitaje idadi tu."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Sikumwambia mke wangu. Alikuwa anahesabu vijiko.

Ijumaa, 15 Novemba

Ubaoni: Ushahidi.

Dobi ameteuliwa kuwa mshauri wa muda wa wizara. Amepewa kiti. Kiti changu. Kaniamkia vizuri, hana kiburi, kauliza kama lile shati langu limekauka. Mimi nimehamishiwa stoo ya karatasi. Kwa hiyo leo nilikuwa na dirisha la kutazama ubao, na saa tano nikamwona mwanamke mwenye mwavuli amesimama mbele yake. Akasoma jina. Akasoma tena. Akaondoka. Nikajiambia wanawake wenye mwavuli ni wengi.

Nikafika nyumbani nikiwa nimeshaandaa maelezo kamili. Madirisha yako wazi, hayana mapazia. Masanduku hayapo, na fundo langu limekwenda nayo. Mama wa nyumba ya pili kasema gari lilikuja saa saba, na mke wangu ameacha salamu. Juu ya meza kuna barua. "Nilikuambia tarehe 15. Chakula kiko kwenye sufuria. Usisahau kula."

Nimesimama katikati ya chumba. Nimeumia. Naandika hili kwa kuwa shajara ni siri. Nyumba hii ina mwangwi, sikuwahi kuujua. Chakula nimekila nimesimama, na kilikuwa kizuri.

Jumapili, 17 Novemba

Nimelala, nimetulia, nimeichambua hali upya. Picha si mbaya kama ilivyoonekana!

Kwanza, barua ina sentensi tatu. Anayevunja uhusiano huandika moja, au huandika kurasa sita. Pili, sentensi ya mwisho inahusu afya yangu. Tatu, na hili ndilo zito, ameacha mwavuli nyuma ya mlango. Mtu asiyerudi haachi mwavuli. Nne, pazia dogo la jikoni bado lipo. Hiyo ni ofisi ya uwakilishi. Natabiri atarudi Alhamisi.

Nimeomba rangi nyeupe iliyobaki wizarani. Dobi ameidhinisha, yeye ndiye anayetia saini siku hizi. Kaniambia, "Bosi wangu, mpigie tu shemeji umuulize." Nikamhurumia. Mtu mzuri, lakini mambo ya nje hayajui. Kuuliza ni kuonyesha kwamba hatujui.

Mchana nilikuwa napaka mawe ya mbele ya mlango simu ikalia. Ni yeye! Jina lake kabisa. Nikachukua kalamu haraka. Milio sita, ikakatika. Ikalia tena. Milio kumi na minne, ikakatika. Sita, kisha kumi na minne! Hesabu ileile ya vitambaa, na wiki ile wageni walikuja kweli.

Sikupokea. Nilikuwa naandika idadi.