Vita vya Tangazo la Sare

Jirani yetu muuza mkaa aliwahi kuniuliza, "Hivi mama, tangazo la kwenye simu mtu analinunua kwa nani?" Enyi mlioketi nanyi mliosimama, tulizeni watoto, funikeni masufuria, maana jibu la swali hilo dogo limetugharimu vita, na Mola akinijalia pumzi nitasimulia jinsi mke wa mwanangu, Jemadari wa Uzi, mwenye mkasi usiotetemeka, alivyovipigana.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Sare zilining'inia ukutani kama jeshi lililokosa adui, na mwenye nyumba alikwisha tamka: shule zikifunguliwa bila wateja kuonekana, chumba cha Jemadari cha cherehani anapewa kinyozi.

Ndipo akasimama shemejiye Jemadari, kitinda mimba wangu, ambaye sote twamwita Kompyuta. Alipanda juu ya kigoda akahutubu hata chai ikapoa. Alisema zama za kupatana bei na mwenye ukurasa zimepita. Siku hizi mashine huingia mnadani yenyewe, kufumba na kufumbua, ikanunua nafasi za tangazo katika kurasa zisizo na idadi na kumfuata mteja hata mafichoni. Tukaitikia amina. Nusu ya akiba ya Jemadari ikaenda mnadani.

Tangazo likatokea kwenye simu zetu, nasi ukoo mzima tukaona linahitaji kutiwa nguvu. Mashangazi wakalibonyeza. Wajomba wakalibonyeza. Kikundi changu cha maombi kikalibonyeza kwa zamu, kabla ya sala na baada ya sala. Kumbe kila tulipobonyeza mashine ilikula hela, na kila ilipokula ilisadiki kwamba wenye njaa ya sare duniani ni sisi, ikazidi kutuletea sisi. Nusu ile ikateketea, wala kaptula moja haikutoka mlangoni.

Kompyuta hakutikisika. Alisema mashine ndiyo kwanza inajifunza, ikipewa na nusu iliyobaki itajua kazi.

Jemadari akaweka mkasi chini. "Shemeji, ikajifunzie kwa matajiri. Mimi sina karo ya kuisomesha."

Akajifunga leso kichwani, akavuka barabara kama avukaye bahari, hadi kwa mzee wa fotokopi, mwenye ule ukurasa wa mtandaoni wa ratiba ya mgao wa maji, usio na urembo wowote, ambao mtaa mzima huufungua kila asubuhi ndoo zikiwa mkononi. Walivutana bei hadi mzee akavua miwani. Mwishowe nusu iliyobaki ikanunua nafasi juu kabisa ya ratiba mpaka shule zifunguliwe, na Jemadari akaahidi kumshonea pazia la duka.

Kulipokucha, mlango wa chumba cha cherehani ukazibwa na mama mmoja mwenye ndoo mbili, na nyuma yake foleni ya ndoo. Alitaka sketi tatu. Alisema ameona kule kwenye maji.

Kompyuta, shujaa asiyekubali kushindwa, akajikohoza na kumuuliza kama hakuwahi kuliona tangazo lile lile likimfuata kila alikokwenda mtandaoni.

"Lile?" mama akasema, akitua ndoo. "Nililifunga, baba. Nilidhani ni watu wa mkopo."

Nikamhimidi Mungu kimoyomoyo, chumba kimepona. Jemadari akavuta futi, akaanza kumpima mtoto wa kwanza. Kompyuta akafunika laptopu yake, akaikwapua chaja ukutani, akapenya katikati ya zile ndoo, akatoka.